Nilisema Amenifunga

Naitwa Asende, nina miaka ishirini na minne, ni mzaliwa wa Baraka, mji wa ziwani mashariki mwa Kongo, na kabla ya kukaa kuandika haya nimerudi mlangoni tena na tena kuhakikisha kwamba nimeufunga. Najua nimeufunga. Niliusukuma kwa bega. Lakini moyo wangu hauniamini... haujaniamini tangu utotoni.

Wasomaji wenzangu, msinicheke. Ugonjwa huu wa kukagua kila kitu ndio uliovunja ndoa ya dada yangu Riziki kabla haijafungwa. Ugonjwa huo, na neno moja lililonitoka nikiwa natema damu.

Kazi yangu ni kuzamia. Si kuzamia kwa kushika pumzi kama wanavyofanya watoto, la! Tunavaa chupa ya hewa mgongoni na kinywa cha kupumulia mdomoni, tunashuka kwenye mawe ya ziwa Tanganyika, na tunawakamata kwa nyavu ndogo wale samaki wadogo wa rangi ambao Wazungu huwafuga katika vioo. Bosi wetu huwapeleka Bujumbura wakiwa hai. Watu wengi wa kwetu hawaelewi. Mama alipowaeleza majirani kwamba nakamata samaki wasioliwa, walimwonea huruma.

Sikusomea kazi hii popote. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, usiku na mchana, na kwa kumtazama Etabo.

Etabo ni mtoto wa Ubwari, rasi iliyo ng'ambo ya ghuba yetu, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti. Ndani ya maji alikuwa mtulivu kama mtu aliyekaa kwao sebuleni. Yeye ndiye aliyeniingiza kazini, yeye ndiye niliyekuwa nikishuka naye majini, wawili wawili, na yeye ndiye aliyempenda Riziki. Barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa. Papa, yaani baba yetu, alikuwa amekubali. Bado siku ya kuleta mahari tu, na tayari Etabo alikuwa ameanza kuniita shemeji mbele ya watu ili nione haya.

Kila asubuhi botini yeye ndiye aliyefungua chupa zote mbili. Kule juu ya chupa kuna robine, kama ile ya bomba la maji. Desturi yetu ya kazi ilikuwa hii: unaifungua mpaka mwisho, halafu unairudisha nyuma kidogo ili isikwame. Akishamaliza, mimi nilikuja nyuma yake na kuikagua yangu upya. Kila siku! Sikuwa na neno naye. Sikuweza tu kuacha.

"We shemeji," aliniambia siku moja, "hata Mungu akifungula mbingu, utarudia kuangalia kama amefungula muzuri!"

"Huyu ataingia wa mwisho," akadakia papa Amisi, mwendeshaji wa boti yetu. "Batakatifu bote bameisha kula, yeye eko mulangoni anahesabu misumari!"

Nilicheka nao. Lakini nilikagua.

Siku ile ziwa lilikuwa limechafuka. Boti ilirukaruka, tukavishana chupa haraka haraka, na sikupata nafasi ya kuikagua robine yangu chupa ikiwa imesimama mbele ya macho yangu, kama nilivyozoea. Chupa ilikuwa tayari mgongoni. Etabo alikuwa ameshakaa ukingoni, miguu majini, ananingoja.

Je, ningeweza kuiacha? Mtu mwingine angeiacha. Mimi nilipeleka mkono nyuma ya bega, nikaishika robine, nikaigeuza hadi mwisho, kisha nikairudisha kidogo. Iligeuka sana. Iligeuka mizunguko mingi hata nikakasirika moyoni. Kumbe Etabo hakuifungua vizuri! Kumbe bila mimi ningekufa! Nikavuta hewa kupitia kinywa, ikaja vizuri kabisa. Nikajiona mtu mwangalifu kuliko wote. Nikaruka.

Mwanzoni hapakuwa na tatizo. Tulishuka tukifuata mwamba, samaki wakikimbia mbele yetu kama shanga zilizokatika uzi. Tulipofika chini kabisa, mahali ambapo mwanga unakuwa wa kijani na baridi inaingia mifupani, nilivuta pumzi... na hewa ikaja kwa shida. Kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija mwembamba. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Ikawa ngumu zaidi!

Nilipaswa kufanya nini? Leo naweza kuwaambia. Siku ile sikujua hata jina langu. Masikio yaliniuma, moyo ulipiga ngoma, macho yakaona giza pembeni. Etabo aliniona. Alikuja kwangu bila haraka, akanitazama machoni, akatoa kinywa chake cha akiba akaninyooshea. Mkono wake mwingine ukapita juu ya bega langu, ukaenda nyuma, ukashika robine yangu.

Niliusikia mkono wake juu ya robine. Nawaapia, niliusikia ukigeuza!

Na akili yangu ilisema jambo moja tu: anaifunga.

Nilimpiga teke la kifua. Nikakataa kinywa chake, nikafumba mdomo, nikashika pumzi ile ndogo niliyokuwa nayo, nikapanda juu mbio kama kizibo. Wenzangu wanaozamia wanajua maana yake. Hewa iliyobanwa kule chini hutanuka kadiri unavyopanda, na ukifumba mdomo haina pa kutokea ila kuupasua mwili wako. Nilisikia kitu kikichanika kifuani.

Nilitokea juu nikitema damu. Papa Amisi alinivuta kwa mikanda akanitupa botini. Na neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu lilikuwa:

"Amenifunga! Etabo amenifunga!"

Etabo alichelewa kutokea. Alipanda polepole, akipumua, akisimama njiani, kama inavyotakiwa. Lakini botini sisi tuliona nini? Tuliona mtu ambaye hana haraka ya kumfuata mwenzake anayekufa! Papa Amisi akaijaribu robine ya chupa yangu, uso ukambadilika.

"Yesu wangu! Hii chupa iko karibu imefungwa."

Etabo alipoinua kichwa majini na kuiondoa maski usoni, alitukuta tukimtazama.

"Mi nilikuwa nafungula!" alisema. "Asende, baambie! Nilikuwa nafungula, ukanipiga!"

Niligeuka nikatema tena damu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mkasa wangu ulipo. Mimi niliposema amenifunga, nilikuwa nasema habari ya robine. Kwamba amenifungia hewa. Lakini ninyi mnaotoka huku kwetu mnajua mtu akisema fulani amenifunga, watu wanasikia nini. Wanasikia dawa, yaani uchawi. Wanasikia mtu amefungwa kifua, amefungwa kizazi, amefungwa bahati yake ndani ya fundo la kitambaa na kutupwa ziwani.

Boti ilipofika ufukoni Baraka, ilikuwa saa ile bamama, akina mama wachuuzi, wanapogombania ndagala, wale dagaa wa kwetu. Nilibebwa mbele yao huku damu ikinitiririka kidevuni na nikiendelea kuguna, amenifunga, amenifunga. Basi! Nani angehitaji maelezo mengine?

"Bamemufunga kifua, mutoto wa batu!"

"Nani?"

"Shemeji yake, huyu mutu wa kucheka-cheka. Na kesho atakaa kwao, banamupakulia bugali!"

Kabla sijafika hospitali, habari ilikuwa imefika nyumbani.

Daktari alinieleza wazi. Alisema mapafu yangu yamejeruhiwa kwa sababu nilipanda nimeshika pumzi, na kwamba nina bahati kuwa hai. Alisema ningeachia hewa itoke polepole nikipanda, nisingepata hata kidonda. Niliitikia kwa kichwa. Halafu mama aliingia, akaniuliza daktari amesema nini... nikamwambia amesema kifua kimeumia. Tu.

Kwa nini sikumweleza? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Ningemweleza habari ya robine, watu wangeuliza: mwenzako alifanya nini, nawe ulifanya nini? Ingejulikana kwamba mimi, niliyekuwa nikikagua kila kitu, niliogopa kama kifaranga. Lakini ikiwa ni dawa, nani atamlaumu aliyefungwa? Dawa iliniacha safi. Nami nilipenda kuwa safi kuliko nilivyopenda ukweli.

Nilipotoka hospitali, mama alinipeleka kwenye chumba cha maombi. Walinizunguka, wakaniwekea mikono, wakalia kwa sauti: "Afunguliwe! Bwana, mufungule!" Mama alilia hadi kitambaa cha kichwani kikamdondoka. Na mimi nilikuwa nimelala pale chini kwenye mkeka, macho yamefumbwa, nikijua kwamba wote hawa wanaomba juu ya neno ambalo mimi sikulisema kwa maana hiyo. Nikanyamaza. Hata nikasema amina!

Etabo alikuja nyumbani na mjomba wake. Papa hakuwaruhusu kupita kizingiti. Niliwasikia kutoka chumbani.

"Papa, ilikuwa robine," Etabo alisema. "Kitu cha chuma. Mi sijui dawa."

"Rudisha miguu yako kwenu," papa akajibu. "Binti yangu hataolewa na mutu anayefunga batoto ya batu."

Riziki alisimama katikati ya ua akiwa na ufagio mkononi. Alinitazama kupitia dirisha, kwa muda mrefu, akingoja niseme jambo. Nikavuta pazia.

Barua ya posa ilirudishwa. Bosi, kwa kuogopa maneno ya watu, alimwondoa Etabo kazini. Ufukoni akipita, bamama walifunika beseni zao. Akavuka kurudi Ubwari. Riziki naye papa alimpeleka Kilembwe kwa shangazi, mbali na ziwa, akalime na kusahau. Aliondoka bila kuniaga.

Na mimi je? Kifua kilipona. Lakini sikutulia! Niliamini kabisa kwamba Etabo alikuwa ameigeuza robine yangu kunifunga. Nilitaka tu kuthibitisha. Nilirudi kwenye video, nikajifunza kila kitu kuhusu hewa inayokataa chini ya maji. Nilijifunza kwamba jambo la kwanza ni kusimama. Kushika jiwe, kutoa pumzi taratibu, halafu kutazama sindano inayoonyesha hewa. Ikiwa chupa imekwisha, sindano imelala kwenye sifuri wala haiinuki. Lakini sindano ikianguka unapovuta, na ikirudi juu unapoacha, basi hewa ipo, ni robine ambayo haikufunguliwa vya kutosha. Nilisoma yote hayo nikitafuta ushahidi dhidi yake. Ndivyo moyo wangu ulivyokuwa.

Bosi akanirudisha kazini, upande wa Lweba, na mwenzangu mpya kutoka Uvira, kijana asiyependa maneno mengi. Nilimwambia siku ya kwanza: mtu yeyote asiguse chupa yangu. Yeyote! Niliifungua mwenyewe ikiwa imesimama mbele yangu. Nikavaa. Nikakaa ukingoni mwa boti. Na hofu ikaja, ile ile... Je, niliifungua kweli? Nikapeleka mkono nyuma ya bega, nikageuza mpaka mwisho, nikarudisha kidogo.

Mnaona tayari? Mimi bado sikuona.

Chini kwenye mawe, hewa ikawa nzito. Uji ule ule. Mrija ule ule. Mwili wangu wote ulitaka kupanda mbio, miguu ilikwisha kuanza kupiga. Lakini nilishika jiwe. Nilitoa pumzi, polepole, nikiyatazama mapovu yakienda. Nikampa mwenzangu ishara, akasogea. Nikaitazama sindano. Nikavuta: ikaanguka. Nikaacha: ikapanda.

Ni robine.

Nilisukuma kitako cha chupa juu kwa mkono wa kushoto, nikaifikia robine kwa mkono wa kulia, nikaigeuza upande ule ambao mkono wangu uliona si wenyewe. Na hewa ikaja! Ikajaa kinywani, baridi, laini, nyingi. Nikaendelea kugeuza. Iligeuka, ikageuka, ikageuka tena... mizunguko mingi. Mingi kama siku ile.

Ndipo nilipojua.

Chupa ikiwa mbele yako, mkono unajua upande wa kufungua. Ikiwa mgongoni, mkono unaifikia robine kwa nyuma, na kila kitu ni kinyume. Hakuna aliyegusa chupa yangu Lweba isipokuwa mimi. Na siku ile ya mawimbi, mizunguko ile mingi iliyonifanya nimdharau Etabo kwamba hakuifungua... nilikuwa mimi, naifunga! Niliikuta imefunguliwa vizuri nikaifunga kwa mikono yangu, nikabakiza kijia cha hewa cha kutosha kunidanganya nikiwa juu. Naye, aliponiona nakosa hewa, alijua shida iko wapi kwa kunitazama tu. Akaleta mkono wake kunifungulia. Nikamlipa teke.

Nililia ndani ya maski. Mtu akilia ndani ya maski hawezi kujifuta.

Nilivuka kwenda Ubwari mara tu nilipoweza. Nilimkuta Etabo akishona wavu nyuma ya nyumba ya mama yake. Alikuwa amekonda. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia nikae. Aliendelea kushona.

"Na ile neno ya dawa?" aliuliza mwishoni. "Ulikuwa unajua banaelewa mubaya?"

"Nilijua."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akakata uzi kwa meno. "Ile ya robine, mi nilikusamehe zamani. Mutu akikosa hewa, eko kama mutoto muchanga, anapiga hata mama yake. Lakini ulikuwa umelala kitandani, unapumua muzuri. Pale nani alikufunga mudomo?"

Akaniambia nikaseme pale pale niliposemea.

Basi nilirudi Baraka, na saa ile ile ya ndagala, nikasimama juu ya boti iliyopinduliwa, mbele ya bamama wale wale. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, kila neno mahali pake. Nikasema kwamba hakuna dawa. Nikasema nilifunga chupa yangu mwenyewe kwa mkono wangu, kwamba Etabo alikuwa ananifungulia, kwamba nilinyamaza kwa aibu. Etabo mwenyewe alikuwa ndani ya mtumbwi karibu na ukingo, akisikiliza.

Kisha mama mmoja, ambaye tangu utotoni hunipa ndagala za kuongezea, akaweka beseni lake chini akashika kichwa.

"Masikini! Alienda Ubwari, bamemufunga tena. Muone sasa anamutetea!"

"Hata macho yake haiko yake!" akaitikia mwingine.

Niliwapigia kelele. Niliwaambia habari ya sindano, habari ya mizunguko. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonihurumia! Mmoja alianza kuniombea pale pale. Nilimgeukia Etabo. Alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha zamani, lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

"Umesema, shemeji," aliniambia. "Kwangu inatosha. Kwao haitatosha."

Papa naye hakuniamini. Mama alinirudisha kwenye chumba cha maombi, na safari hii nilikataa kulala chini. Lakini mimi nilikwenda Kilembwe mwenyewe, na Riziki aliniamini kabla sijamaliza. Hakunipiga, hakulia. Aliingia ndani akafunga vitu vyake kwenye kitenge.

Hakuna mahari iliyopokelewa. Hakuna aliyemwimbia dada yangu alipotoka kwa shangazi, na huko kwetu binti kuondoka hivyo ni jeraha la maisha. Mimi ndiye niliyembebea mzigo wake hadi ziwani. Alipanda mtumbwi wa Etabo akakaa akinipa mgongo. Nilisimama majini nikiwa nimeshikilia ukingo, nikisubiri aseme chochote, hata tusi.

"Asende," alisema bila kugeuka. "Fungula kamba."

Nikafungua kamba.

Hajarudi. Papa hataki jina lake litajwe, na ufukoni bado wanasema dada na kaka wote wamefungwa na mtu mmoja. Mimi bado nazamia. Chupa ikishapanda mgongoni mwangu siigusi tena. Mwenzangu ndiye anayeitazama, nami naitazama ya kwake, na mikono yangu naishikanisha mapajani ili isitoroke kwenda nyuma.

Ndugu zangu, nawaomba. Hewa ikikukataa, usikimbie. Shika jiwe, toa pumzi, tazama sindano, na mkono unaokuja kwako usiupige kabla hujajua unafanya nini. Lakini zaidi ya hapo nawaomba kitu kingine, hata ninyi ambao hamtazamia kamwe. Ukiisha kutoka majini, ukiwa salama, unapumua vizuri, na watu wamelielewa vibaya neno lako kwa namna inayokupendeza... wasahihishe siku hiyo hiyo! Usingoje kama mimi. Mimi nilifungua mdomo wakati hakuna tena aliyeweza kunisikia.